Mafiga, Mikono na Molekuli: Nafasi ya Vielelezo katika Ufundishaji wa Kemia ya Shahada ya Kwanza

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jinsi vielelezo vya molekuli, viwe vya udongo na vijiti au vya tarakilishi, vinavyoweza kumsaidia mwanafunzi wa shahada ya kwanza kuielewa kemia badala ya kuikariri. Mwandishi ni mwanafunzi wa fasihi, si mwanakemia. Kwa sababu hiyo, kielelezo kinatazamwa hapa kwa jicho la msomaji wa fasihi, yaani kama aina ya sitiari. Hoja kuu ni kwamba kielelezo, sawa na sitiari, hufunua jambo moja na kuficha jingine, na mwalimu asipoonyesha mipaka yake humpotosha mwanafunzi. Aidha, makala yanadai kwamba Kiswahili kina nafasi katika somo hili, hata katika vyuo ambamo mtihani huandikwa kwa Kiingereza.

1. Utangulizi

Chanzo cha makala haya ni jambo lililotokea nyumbani kwetu wakati wa likizo. Binamu yangu, mwanafunzi wa mwaka wa pili katika kozi ya ualimu wa sayansi, alikuwa amerudi na karatasi ya kemia-kaboni aliyoanguka, na alitakiwa kuirudia baada ya miezi miwili. Katika swali mojawapo alikuwa ameandika, bila kosa, kwamba pembe baina ya miungano ya methani ni nyuzi 109.5. Chini ya sentensi hiyo alikuwa amechora methani kama msalaba: kaboni katikati, hidrojeni nne pembeni, na kila pembe nyuzi 90. Maneno yake yalisema jambo moja na mchoro wake jambo jingine, na yeye hakuona mgongano wowote.

Nilipomwonyesha, alinijibu: "Kaka, hiyo 109.5 ni ya kuandika. Hii nyingine ndiyo ya kuchora."

Jibu hilo lilinisumbua. Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunawajua wenzetu wanaoweza kutoa fasili ya sitiari kwa ufasaha ilhali hawaitambui wanapokutana nayo ndani ya shairi. Binamu yangu alikuwa katika hali iyo hiyo. Alikuwa na fasili, lakini hakuwa na kitu chenyewe.

Mtaalamu wa ufundishaji wa kemia kutoka Uskoti, A. H. Johnstone, alieleza mwaka 1991 kwamba kemia husomwa katika ngazi tatu kwa wakati mmoja: ngazi ya vitu vinavyoonekana, kama vile maji yanayochemka, ngazi ya chembe zisizoonekana, kama vile atomi na molekuli, na ngazi ya alama, kama vile fomula na milinganyo. Mhadhiri aliyeizoea kemia huruka kutoka ngazi moja hadi nyingine bila kutambua kwamba ameruka. Mwanafunzi hubaki kwenye ngazi ya alama, akidhani alama ndizo kemia. Kielelezo ni daraja la kumvusha hadi ngazi ya chembe.

2. Kielelezo ni nini?

Katika makala haya, neno kielelezo limetumiwa kwa maana ya kitu chochote, cha kushika au cha kutazama, kinachosimama badala ya molekuli ili kutuwezesha kufikiri juu yake. Pale ambapo kielelezo kimeundwa kwa matufe na vijiti, neno kiunzi pia linafaa. Tunalo tayari katika kiunzi cha mifupa, na molekuli ya matufe na vijiti kwa hakika ni mifupa mitupu: huonyesha kiungo kipi kimeshikana na kipi, bila kuonyesha nyama.

Kwa mwanafunzi wa fasihi, utaratibu huu si mgeni. Tunapomwita shujaa simba, tunachukua baadhi ya sifa za simba na kuziacha nyingine. Hatumaanishi kwamba shujaa ana mkia. Vivyo hivyo, mwanakemia anapoiita atomi ya kaboni tufe jeusi, anachukua sifa ya kuwa na nafasi nne za kuunganishwa na kuiacha sifa ya weusi. Tatizo ni kwamba msomaji wa fasihi hufunzwa mapema kuuliza ni sifa zipi zimechukuliwa na zipi zimeachwa, ilhali mwanafunzi wa kemia aghalabu hafunzwi hivyo.

3. Historia kwa muhtasari

Matumizi ya vielelezo si mtindo ulioletwa na tarakilishi. Mwanzoni mwa karne ya 19, John Dalton wa Uingereza alitumia matufe ya mbao kueleza nadharia yake ya atomi. Mwaka 1865, August Wilhelm Hofmann alitoa mhadhara katika Royal Institution jijini London akitumia mipira ya mchezo wa kroketi iliyounganishwa kwa vijiti. Aliipaka rangi: kaboni nyeusi, hidrojeni nyeupe, oksijeni nyekundu, naitrojeni samawati, klorini kijani. Rangi hizo zimedumu kwa zaidi ya miaka 150 na ndizo tunazoziona hadi leo katika programu za tarakilishi.

Hata hivyo, methani ya Hofmann ilikuwa bapa. Hidrojeni zake nne zilikaa kwenye uso mmoja, sawa na msalaba wa binamu yangu. Kosa alilolifanya kijana wetu basi lilikuwa na ukoo wa kuheshimika.

Mwaka 1874, Mholanzi Jacobus van 't Hoff, aliyekuwa na umri wa miaka 22, na Mfaransa Joseph Le Bel, kila mmoja kivyake, walipendekeza kwamba miungano minne ya kaboni huelekea kwenye pembe nne za umbo lenye nyuso nne za pembetatu. Van 't Hoff alitengeneza vielelezo vidogo vya karatasi ngumu na kuwapelekea wataalamu wenzake. Mwanakemia mashuhuri wa Ujerumani, Hermann Kolbe, alimkejeli hadharani kwa madai kwamba huo ulikuwa upuuzi wa kubuni. Mwaka 1901, van 't Hoff huyo huyo alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya kwanza kabisa katika kemia.

Jambo moja katika maisha yake linatuhusu sisi wa fasihi moja kwa moja. Mwaka 1878, alipoanza kazi ya uprofesa mjini Amsterdam, hakuhutubu kuhusu fomula. Alihutubu kuhusu nafasi ya ubunifu wa akili katika sayansi. Alikuwa mpenzi wa mashairi, na alishikilia kwamba uwezo wa kuona kwa macho ya akili kile ambacho bado hakijaonekana ni nyenzo ya mwanasayansi kama ulivyo wa mshairi.

Mifano ya baadaye ni mingi. Mwaka 1953 James Watson na Francis Crick waligundua umbo la DNA kwa kuunganisha vipande vya chuma na karatasi ngumu mjini Cambridge, wakitegemea pia picha za eksirei zilizotokana na kazi ya Rosalind Franklin. Kuhusu tarakilishi, Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1998 ilikwenda kwa Walter Kohn na John Pople, na ya mwaka 2013 kwa Martin Karplus, Michael Levitt na Arieh Warshel. Wote walituzwa kwa mbinu za kukokotoa tabia za atomi na molekuli. Hivyo basi, anayedhani kielelezo ni kitu cha kuchezea watoto hajaisoma historia ya kemia.

4. Somo lenyewe: hatua nne

Hatua zifuatazo ndizo tulizozifuata na binamu yangu. Vifaa vilikuwa plastisini ya rangi mbalimbali, vijiti vya kuchokonolea meno, kioo kidogo, na baadaye tarakilishi moja ya kuazima.

4.1 Methani na mafiga

Nilimwomba aunde methani kwa plastisini. Alitengeneza msalaba bapa juu ya meza. Nikamwambia: "Elektroni katika miungano hii zinachukiana. Kila mmoja unataka kuwa mbali na wenzake kadiri uwezavyo. Je, hapo juu ya meza zimefika mbali kabisa?" Alizisogeza huku na huku. Kila alipopanua pembe moja, nyingine ilipungua. Mwishowe aliinua kijiti kimoja kutoka mezani, na hapo akaelewa kwamba alikuwa na nafasi ya juu ambayo hakuwa ameitumia.

Umbo alilolipata lilisimama kwa miguu mitatu, na hidrojeni ya nne ikaelekea juu. "Ni mafiga," alisema. Naam, mafiga matatu na chungu. Juu ya meza pembe zilikuwa nyuzi 90. Zilipopewa nafasi zikawa nyuzi 109.5. Kumbe nambari aliyoikariri ilikuwa jibu la swali ambalo hakuwahi kuulizwa.

Papo hapo nilimwonyesha mpaka wa sitiari yake. Katika jiko, chungu si figa. Katika methani, hidrojeni zote nne ni sawa. Alikigeuza kielelezo, akakisimamisha kwa miguu mingine mitatu, akaona kwamba chungu kimekuwa figa na figa limekuwa chungu. Kutoka hapo ilikuwa rahisi kueleza kwa nini pembe katika amonia ni kama nyuzi 107 na katika maji nyuzi 104.5: jozi za elektroni ambazo hazijaunganishwa na atomi yoyote hudai nafasi zaidi, nazo huibana miungano iliyobaki.

4.2 Dikloromethani: mbili au moja?

Hatua ya pili ni swali ambalo karatasi haiwezi kulijibu. Katika dikloromethani, CH₂Cl₂, hidrojeni mbili za methani zimebadilishwa na klorini mbili. Kwenye mchoro bapa tunapata molekuli mbili tofauti: moja yenye klorini zinazopakana, nyingine yenye klorini zinazokabiliana. Maabarani, hata hivyo, dikloromethani ni moja tu, nayo huchemka kwenye nyuzijoto 40 hivi.

Binamu yangu aliunda zote mbili kwa kufuata michoro, kisha akazigeuza mkononi. Zilikuwa kitu kimoja. Katika umbo la nyuso nne, kila pembe inapakana na nyingine zote tatu, hakuna inayokabiliana na mwenzake. Hii ilikuwa mojawapo ya hoja zilizowathibitishia wanakemia wa karne ya 19 kwamba kaboni haiwezi kuwa bapa.

4.3 Mkono wa kulia na wa kushoto

Kisha tuliweka vitu vinne tofauti kwenye kaboni moja: hidrojeni, florini, klorini na bromini. Nilimwekea kioo mbele na kumwambia aunde kile anachokiona kiooni. Alikiunda, akajaribu kukilaza juu ya kile cha kwanza ili rangi zote zilingane. Alijaribu kwa takriban robo saa. Alipolinganisha rangi mbili, mbili nyingine zilikataa.

Hapo nilimwomba aweke kiganja chake cha kulia juu ya cha kushoto, vyote vikitazama chini. Vidole gumba vilielekea pande tofauti. Viganja ni sawa kwa kila kipimo, lakini kimoja hakiwezi kuchukua nafasi ya kingine. Istilahi ya kimataifa ya hali hii, iliyobuniwa na Lord Kelvin mwishoni mwa karne ya 19, inatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mkono. Binamu yangu alikuwa ameikariri kwa mihula miwili bila kujua kwamba ni mkono tu.

Jambo hili si mchezo. Kavoni, kiini cha manukato, ina maumbo mawili ya namna hii: moja hunukia mnanaa, jingine hunukia kisibiti. Pua zetu hutofautisha kile ambacho fomula haitofautishi. Katika dawa, dawa ya thalidomaidi, iliyoanza kuuzwa Ujerumani Magharibi mwaka 1957 na kuondolewa sokoni humo mwaka 1961, ilisababisha zaidi ya watoto 10,000 duniani kuzaliwa na ulemavu. Aghalabu hudaiwa kwamba kosa lilikuwa la umbo moja tu kati ya maumbo yake mawili. Ni muhimu kumweleza mwanafunzi kwamba maumbo hayo hubadilikana ndani ya mwili, hivyo kumpa mgonjwa umbo moja pekee kusingetosha kumwepusha na madhara.

4.4 Pale nilipokosea: kifungo

Hatua ya nne ilihusu ethani na etheni, nayo ndiyo iliyonifunza mimi zaidi. Katika mazungumzo yetu nilikuwa nikitumia neno kifungo kutaja muungano baina ya atomi. Nililipenda kwa sababu ni la Kiswahili asilia. Nilipomweleza kwamba nusu mbili za molekuli ya ethani huzunguka kwenye muungano wa kaboni kwa kaboni, alikataa katakata. "Kaka, umesema zimefungwa. Kitu kilichofungwa kitazunguka vipi?"

Kosa lilikuwa langu. Kifungo kilimletea taswira ya kufuli na jela, na taswira hiyo ilikuwa na nguvu kuliko maelezo yangu. Kilichotuokoa ni kiunzi. Alishika plastisini mbili zilizounganishwa kwa kijiti kimoja, akazizungusha bila shida. Alipoongeza kijiti cha pili sambamba na cha kwanza, kama ilivyo katika etheni, hazikuzunguka tena. Kwa kaboni zilizounganishwa mara mbili, basi, neno kifungo lingefaa. Kwa muungano mmoja lilipotosha. Ndiyo maana dikloroetheni yenye klorini moja katika kila kaboni huwa na maumbo mawili halisi. Lile lenye klorini upande mmoja huchemka kwenye nyuzijoto 60 hivi, na lile lenye klorini pande tofauti kwenye 48 hivi.

Hapa ndipo tarakilishi iliposaidia. Plastisini huzunguka kwa ulaini ule ule kila mahali, lakini ethani halisi haizunguki hivyo. Kwa programu ya bure iitwayo Avogadro, mwanafunzi huchora molekuli, huizungusha na kukokotoa nishati ya kila mkao. Grafu ya mzunguko mmoja kamili huonyesha vilima vitatu na mabonde matatu. Kimo cha kila kilima ni kilojuli 12 hivi kwa moli, kidogo kiasi kwamba katika joto la kawaida ethani hukivuka bila taabu. Kuuvunja muungano wa pili wa etheni huhitaji zaidi ya kilojuli 250 kwa moli. Udongo ulijibu swali la "inawezekana?" Tarakilishi ilijibu swali la "kwa gharama gani?"

5. Mipaka ya kielelezo

Kutokana na hatua hizo, ni bayana kwamba kila kielelezo kina uongo wake wa lazima. Atomi haina rangi. Muungano si kijiti, bali ni elektroni zinazovutwa na viini viwili kwa pamoja. Baina ya matufe hakuna uwazi mtupu kama kiunzi kinavyoonyesha, na atomi hazitulii hata kwa nukta moja.

Kielelezo cha tarakilishi kina hatari ya ziada: kinapendeza, na kinachopendeza huaminiwa. Baadhi ya programu humruhusu mtumiaji kuchora kaboni yenye miungano mitano, kisha humpa nambari ya nishati bila kulalamika. Nambari hutoka hata swali linapokuwa halina maana. Kwa hivyo napendekeza kwamba kila somo la vielelezo liishe kwa maswali mawili ambayo sisi huyauliza kila tunapochambua sitiari: kielelezo hiki kimesema kweli gani? Na kimesema uongo gani?

6. Suala la lugha

Katika vyuo vikuu vya Kenya, kemia hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Katiba ya mwaka 2010 ilikitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza, lakini hilo halijakifikisha katika maabara. Wapo wanaodai kwamba sababu ni uhaba wa istilahi. Dai hilo lina ukweli nusu. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia tangu mwaka 1990. Tunachokikosa zaidi ni mazoea ya kuzitumia istilahi tulizo nazo na kuzijaribu mbele ya mwanafunzi.

Kisa cha kifungo kinaonyesha umuhimu wa majaribio hayo. Istilahi inaweza kupita mbele ya kamati bila dosari, kisha ikaanguka mbele ya mwanafunzi mwenye plastisini mkononi. Tangu siku hiyo natumia muungano, na natamani wanaounda istilahi za sayansi wangekaa siku moja katika darasa la vielelezo wakisikiliza maneno ambayo wanafunzi huyatumia wenyewe. Mafiga hayakutoka katika kamusi. Yalitoka kinywani mwa mwanafunzi aliyeelewa.

Sipendekezi kwamba mtihani ubadilishwe kesho. Ninapendekeza jambo dogo linalowezekana sasa: wanafunzi wajadili kielelezo kwa Kiswahili katika vikundi vyao, kisha waandike hitimisho kwa Kiingereza. Wengi hujadiliana hivyo tayari, ila hufanya kwa kunong'ona, kana kwamba wanaiba.

7. Hitimisho

Makala haya yamejadili kielelezo cha molekuli kama sitiari inayoshikika. Yameonyesha kwamba plastisini na vijiti vinatosha kuanzia, kwamba tarakilishi huongeza kile ambacho mkono hauwezi kupima, na kwamba vyote viwili huhitaji mwalimu anayetaja mipaka. Chuo kisicho na maabara ya tarakilishi hakina udhuru wa kuliahirisha somo hili, kwani van 't Hoff alianza na karatasi.

Binamu yangu aliurudia mtihani na kufaulu, kwa alama za wastani. Sidai kwamba ni plastisini pekee iliyomfaulisha, kwani alisoma usiku na mchana. Ninachoweza kushuhudia ni kwamba aliponionyesha daftari lake la marudio, methani haikuwa msalaba tena. Ilikuwa na mstari mmoja wa kabari unaomjia msomaji, mmoja wa vidoti unaorudi nyuma ya karatasi, na miwili ya kawaida. Pembeni alikuwa ameandika, kwa penseli, neno moja la Kiswahili: mafiga.

Maswali ya mjadala

1. Chagua istilahi tatu za sayansi unazozijua kwa Kiswahili. Kila moja humletea mwanafunzi taswira gani, na taswira hiyo yaweza kumpotosha vipi?

2. Linganisha sitiari moja ya kishairi unayoijua na kielelezo cha matufe na vijiti. Kila kimoja kimechukua sifa zipi na kuacha zipi?

3. Je, ni nani anayefaa kuwa na kauli ya mwisho katika uundaji wa istilahi za kemia: mwanaisimu, mwanakemia au mwanafunzi? Toa sababu.